Ubao wa Bi Kadi

Jumatatu, 4 Machi

Leo Kaka ametuita sote ofisini. Mafundi wakasimama na buti zao za udongo juu ya vigae alivyoviweka mwaka jana, naye akatangaza kwamba kuanzia sasa kampuni itaendeshwa kwa ubao. Si ubao wa chaki. Huu uko mtandaoni: unaonekana kwenye simu ya kila fundi na kwenye televisheni kubwa aliyoitundika mapokezi, pale wateja wanapokaa kusubiri bei. Aliyeuleta ni binti yake. Amemaliza masomo ya usimamizi, amerudi na kompyuta nyembamba kama sahani.

Kila paa tunaloezeka litakuwa na kadi yake. Kadi inaanzia safu ya Inasubiri, inasogezwa Inaendelea, inaishia Imekwisha. Kwenye kadi kuna picha ya uso wa fundi mwenye kazi. Kazi ikienda vizuri kadi ni ya kijani. Tarehe ikipita kazi haijaisha, kadi inakuwa nyekundu, na uso uliomo unakuwa mwekundu nao.

Nikauliza, "Safu ya ukaguzi iko wapi?"

"Haipo, Shangazi. Fundi atapiga picha tatu aziambatanishe. Hatuhitaji tena mtu wa kuzunguka kila paa na mpira wa maji. Ukaguzi unakula nusu siku."

Mtu huyo ni mimi. Kampuni hii tuliianza wawili, mimi na Kaka, kwa ngazi ya kuazima. Yeye alipanda, mimi nilipima na kupiga hesabu. Na tangu wakati ule hakuna paa lililokabidhiwa kabla sijasimama chini yake nimeinua uso, fundi yuko juu anamwaga maji, nusu saa nzima. Likidondoka tone, tunarudia. Mafundi wananiita Mama Futi, kwa sababu ya futi kamba inayokaa kiunoni mwangu hata nikienda msibani.

Kaka akamalizia mbele ya wote: "Mimi nimechoka. Mvua zikiisha nitachagua mmoja asimamie kazi zote. Ama dada yangu, ama binti yangu. Msimu ndio utakaosema."

Yaani mimi leo natahiniwa pamoja na mtoto niliyembeba mgongoni.

Jumanne, 5 Machi

Jua. Mapaa mawili yanaendelea. Hakuna aliyesogeza kadi.

Ijumaa, 8 Machi

Mafunzo. Binti wa Kaka amewasimamisha mafundi ukutani mmoja mmoja awapige picha, kama watu wanaoomba pasi ya kusafiria. Kenchi, fundi wetu mkuu, alikuja na shati alilovaa harusi ya mwanawe. Kenchi yuko nasi tangu paa la tatu. Magoti yake yamechoka kuliko yeye, lakini mkono wake juu ya bati sijaona wa kulingana nao.

"Cheka kidogo, mzee wangu," binti akamwambia.

"Nikicheka wataona pengo."

"Wateja watakupenda hivyo hivyo."

"Wateja wanapenda paa, binti yangu. Mimi wananivumilia tu."

Tukacheka wote. Kisha wakafundishwa kuburuta kadi kwa kidole. Vidole vya Kenchi vina sugu, kioo cha simu hakivisikii. Mchomeleaji, yule anayetuungia vyuma vya mapaa na ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akamshika kidole akakiburuta. "Umeona, mzee? Imekwisha! Umeezeka nyumba ya watu na kiti hujakiacha."

Wameshampa binti jina. Bi Kadi. Amelisikia na amelipenda, hajui linavyotamkwa akigeuka.

Jumatano, 13 Machi

Mvua ya kwanza, tangu alfajiri hadi adhuhuri. Juu ya bati lililolowa hapandi mtu, hiyo ni sheria yangu na haina mjadala. Mchana kadi nne zikawa nyekundu kwenye televisheni, na tatu kati ya hizo zina uso wa Kenchi.

Nilikuwepo. Mteja mmoja, mwenye duka la vipuri, alikuwa amekaa pale anakunywa soda yetu. Akauliza, "Huyu mzee mwekundu ni nani?"

Bi Kadi akamweleza jinsi ubao unavyofanya kazi, kwa raha zote, kama anayeonyesha gari jipya.

"Ahaa. Basi mimi mnipe mwingine. Huyu mniondolee kabisa."

Kenchi alikuwa mlangoni, anapangusa buti. Alisikia kila neno. Aliendelea kupangusa buti ile ile moja mpaka nikaona aibu kumtazama. Mchomeleaji aliyekuwa nyuma yake hakusema kitu, na hapo ndipo nilipojua mambo ni makubwa.

Nikamwambia binti, "Televisheni hii iondoe hapa. Weka ndani."

"Shangazi, uwazi ndio unaoleta mteja."

"Mvua inatoka mbinguni. Kenchi anaizuia vipi?"

"Basi angesogeza tarehe mapema. Ubao unaruhusu."

Nilienda kwa Kaka. Kaka akasema nimpe mtoto nafasi.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua tena. Nimepita mapokezi asubuhi: ukuta mzima kijani. Nikadhani televisheni imeharibika.

Jumatatu, 18 Machi

Kikao. Bi Kadi ametuonyesha duara lenye rangi, limejaa kijani kama chungwa bichi. Kaka alikuwa anachezesha mguu chini ya meza. Hufanya hivyo akifurahi na hataki ionekane.

"Mapaa kumi na moja kwa wiki mbili, mdogo wangu. Mwaka jana, muda kama huu, ulinipa sita."

Nikapiga hesabu hapo hapo, sihitaji kompyuta. Wiki mbili ni siku kumi na mbili za kazi. Nne zimenyesha. Zimebaki nane. Tuna vikosi viwili, na paa la kawaida linakula kikosi kimoja siku mbili. Ni mapaa manane, tena kama hakuna aliyeumwa wala kwenda kuzika. Hayo matatu yameezekwa na nani, malaika?

Nikasema hivyo. Bi Kadi akafungua picha, tatu kwa kila kadi. Mabati yanang'aa. Nimezitazama: nyingine zimepigwa karibu sana kiasi kwamba hujui kama ni paa au sufuria.

"Sitaki ubishi," Kaka akasema, sasa akiwatazama mafundi. "Picha zipo. Na atakayedanganya kwenye ubao, siku hiyo hiyo arudishe buti na mkanda. Sitajali alianza lini."

Kenchi alikuwa anatazama dari.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Mguu wa kushoto unaniuma. Kijani.

Jumamosi, 23 Machi

Nimemfuata binti ofisini kwake nikafunga mlango. Nilikuwa nimepita uani na kuzikuta kofia za mapaa mawili zimeegemea ukuta. Kofia ndilo bati la mwisho, linalofunika mgongo wa paa pale pande mbili zinapokutana. Bila kofia, nyumba ina mdomo wazi kwa juu. Na mapaa yote mawili yako kwenye Imekwisha.

"Unapika hesabu," nikamwambia. "Unazisogeza mwenyewe ili baba yako afurahi."

Hakunijibu kwa hasira, jambo lililonikera zaidi. Macho yalimjaa maji, akayazuia. "Shangazi, kadi ya fundi mimi siwezi kuisogeza. Nilijifungia njia mwenyewe, makusudi, ili asije mtu kusema haya unayoyasema." Akageuza kompyuta anionyeshe. "Nilijua utayasema."

"Kwa hiyo kofia zimetembea zenyewe zikarudi uani?"

"Labda ni za akiba. Kwa nini huwezi kuamini hata mara moja kwamba kitu nilichokileta kinafanya kazi?"

Nimetoka. Jioni nikapita uani. Kofia hazipo. Zimeshakwenda kufungwa.

Jumanne, 26 Machi

Nimejua.

Mvua ilitukuta wote karakana, mafundi wamejibanza chini ya turubai wanakunywa chai. Nilikuja kwa nyuma. Mchomeleaji alikuwa ameshika simu mbili, yake na ya Kenchi. Kidole kikapita, kadi ikaondoka kwenye nyekundu ikaenda Imekwisha. Kenchi alikuwa ametazama upande mwingine, kama mtu anayefungwa jeraha.

"Mnafanya nini?"

Chai ikasimama. Mchomeleaji ndiye aliyejibu. "Tunamsitiri mzee, Mama Futi. Leo ni yeye. Juzi walinisitiri mimi."

"Paa halijaisha."

"Kesho likikauka tutalimaliza kabla hajaamka mtu. Hatujaacha hata moja wazi. Tunasogeza leo, tunafunga kesho. Deni la siku moja."

"Na picha?"

"Za paa jingine." Akajikuna kichwa. "Bati ni bati."

"Nyinyi mna wazimu? Mmemsikia Kaka!"

Hapo Kenchi akageuka. Hakuinua sauti. "Mama Futi, ni nani aliyesema katika ua huu fundi hamwaibishi fundi mwenzake mbele ya mteja? Uliniambia mimi, nikiwa nimeharibu mfereji mzima, mteja amesimama pale. Ukasema kosa ni lako, umepima vibaya. Ulikuwa hujapima vibaya. Hawa wote nimewafundisha hivyo. Sasa uso wangu unatundikwa mbele ya wateja, ulitaka wafanye nini?"

Niliwatazama. Watu wazima saba na vikombe vyao. Yalikuwa maneno yangu, nimerudishiwa bila kupunguzwa.

Sijamwambia Kaka. Nikimwambia, buti za kwanza kurudi ni za Kenchi.

Jumatano, 3 Aprili

Bi Kadi alikuja eneo la kazi peke yake, mvua ya manyunyu, akashika ncha ya futi kamba akiwa kwenye tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Hakulalamika. Baba yake alipompigia, nilisikia sauti ikifoka kwenye simu kuhusu kadi moja nyekundu. Akasema, "Ndiyo baba, ndiyo baba," kisha akaisoma tena namba aliyokuwa akiisoma. Nilikuwa sijui kwamba na yeye anafokewa. Nilidhani kufokewa ni kwangu tu.

Hilo halinifanyi niupende ubao wake.

Alhamisi, 4 Aprili

Wodi ya wazazi ya kliniki imeingia Imekwisha saa kumi jioni. Paa kubwa kuliko yote msimu huu. Kaka amemwambia mkunga mkuu ahamishe vitanda Jumapili jioni, na makabidhiano yawe Jumatatu asubuhi. Amealika watu.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua siku mbili bila kupumua. Kofia za wodi bado ziko uani, na mgongo wake umefunikwa turubai tu, ambalo halitafika Jumatatu. Nimezipima: urefu ni ule ule wa wodi, hazina paa jingine.

Kenchi haji kazini, goti limevimba. Kikosi chake kimepelekwa mbali, kwenye ghala.

Nikinyamaza mpaka Jumatatu, wodi itavuja mbele ya wageni wa Kaka, huku televisheni ya ofisini ikiwa ya kijani. Ubao utakwisha siku hiyo hiyo. Sitalazimika kusema neno. Nimekaa na wazo hilo mchana kutwa, na lilikuwa tamu. Siandiki uongo humu.

Jumapili, 7 Aprili

Asubuhi mvua ilikata. Nilienda kliniki, nikajiambia naenda kutazama tu.

Mkunga mkuu alikuwa ameshaanza kupanga vitanda, hakusubiri jioni. "Karibu Mama Futi! Umekuja na mpira wako wa maji?"

"Leo sina."

"Mwaka ule ulipoezeka jiko letu ulitulowesha mpaka mpishi akakutukana. Halijavuja mpaka leo." Akanionyesha kitanda cha katikati. "Hapa namweka mama mmoja wa mapacha, amefanyiwa upasuaji usiku. Hapa hapigwi na upepo wa mlango."

Nikainua uso. Dari ilikuwa safi, nyeupe, imepakwa juzi. Mgongo wa paa unapita juu ya kitanda hicho hicho.

Nilitoka nje nikampigia Kenchi. "Goti likoje?"

"Linakunjika likitaka."

"Wodi haina kofia."

"Najua. Nilitaka leo nije na mchomeleaji, amepelekwa ghalani. Nimeshindwa kukupigia."

"Chukua bodaboda uje. Mimi naleta kofia."

Nilikodi gari dogo la mizigo kwa pesa yangu. Kenchi alifika anachechemea, akatazama ngazi, kisha akanitazama mimi. "Nani anapanda?"

"Wewe huwezi. Mimi napanda, wewe unaniambia."

"Mama Futi, mara ya mwisho ulipanda lini?"

"Kabla hujang'oka jino. Shika ngazi."

Nikapanda. Bati lilikuwa bado na unyevu. Sheria yangu mwenyewe, na mimi ndiye niliyeikanyaga. Nilikaa juu ya mgongo wa paa kama aliyepanda punda, kofia moja baada ya nyingine, Kenchi akipaza sauti kutoka chini: "Pishanisha shibiri! Msumari usiuzamishe, raba itapasuka! Hapo, hapo, usiguse tena!" Wingu likarudi kutoka upande wa barabara kuu. Kofia tatu za mwisho nilizifunga manyunyu yakinipiga usoni mpaka nikajigonga kidole. Nilimtukana Kaka, nikamtukana binti yake, nikamtukana Kenchi kwa sauti, na yeye akawa anaitikia, "Sawa, sawa, lakini gonga."

Nilishuka. Tukakaa ndani ya wodi, upande ule usio na vitanda, tumeinua nyuso. Mvua ikamwagika kuliko mpira wowote. Nusu saa. Halikudondoka tone.

"Utamwambia Kaka yako?" Kenchi akauliza.

"Nimwambie nini? Kwamba ulikuwa unadanganya na mimi nimekusaidia?"

Jumatatu, 8 Aprili

Makabidhiano. Ilinyesha wageni wakiwa ndani, hadi hotuba hazikusikika. Kaka akanyoosha kidole darini. "Sikieni hiyo! Kazi hii ilikwisha Alhamisi, saa kumi. Ubao wa binti yangu ndio unaotuambia, hauna haja ya mtu kuja na mpira." Watu wakapiga makofi. Mkunga mkuu alinitafuta kwa macho. Nilitazama kidole changu, kucha imekuwa nyeusi.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua. Kijani.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua zimepungua, na Kaka hakungoja ziishe. Aliniita nyumbani kwake, si ofisini. Chai, mto wa kuegemea, mambo mengi ya kunilainisha.

"Mdogo wangu, msimu mzima hakuna paa lililorudi. Hata moja. Hilo halijawahi kutokea."

"Lilitokea miaka sita mfululizo, nilipokuwa nakagua."

"Sawa, lakini kwa gharama gani? Binti ameokoa nusu siku kila paa." Akanimiminia chai nisiyoiomba. "Nampa usimamizi. Wewe utakuwa mshauri. Mshahara haubadiliki."

"Unajua mapaa hayo yamefungwaje?"

"Yamefungwaje?"

Akasubiri. Kweli alisubiri, nampa haki yake. Nilikuwa na wodi nzima kinywani, na ndani ya wodi alikuwemo Kenchi na goti lake, na mchomeleaji, na wote saba na vikombe vyao. Nikameza.

"Vizuri," nikasema. "Yamefungwa vizuri."

Nikitoka, Bi Kadi alinikimbilia hadi kwenye geti. Akanishika mkono kwa mikono miwili. "Shangazi, nilidhani utanipiga vita mpaka mwisho. Asante kwa kuuachia ubao ufanye kazi."

Alikuwa anasema kutoka moyoni. Hapo ndipo ilipouma.

Alhamisi, 2 Mei

Nina meza mpya, iko karibu na dirisha. Juu yake hakuna kitu.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua tuliyodhani imekwisha imerudi leo mchana, nzito, ya hasira. Mvua kama hii simu yangu ilikuwa haitulii: bi huyu bati lake kuukuu linadondosha jikoni, yule mfereji umefurika. Leo kimya. Nimeitazama mara mbili kama ina chaji.

Saa tisa ikaita. Kenchi.

"Mama Futi, kuna nyumba ya mjane mmoja nyuma ya soko. Kadi iliingia Imekwisha juzi. Kofia hatujafunga, tuliona jua tukajua tuna muda. Sasa maji yanaingia sebuleni. Mchomeleaji hayupo. Njoo tumalize kabla haijajulikana."

Nyuma yake nilisikia mwanamke anaburuta kitu kizito sakafuni, kabati labda, na kulia.

"Mpigie meneja," nikasema.

"Nani?"

"Meneja wako. Alete gari, turubai na watu sita. Mimi na wewe na goti lako hatutoshi."

"Akija ataiona kadi. Unajua kitakachonipata."

"Najua."

"Wodi ulikuja."

"Nilikuja."

Akasubiri, kama Kaka alivyosubiri. Mvua ilikuwa inapiga kwake na kwangu kwa pamoja.

"Mimi ni mshauri, Kenchi. Nakushauri umpigie sasa hivi, huyo mama analowa."

Akavuta pumzi. "Haya, mama," akasema. Mama tu, kama anavyomwita mteja asiyemjua jina. Akakata simu.